Slaidi 308 na siku 3 za mama mkwe

Mwezi huu sitamsema mtu. Nitajisema mwenyewe, maana kuna rafiki zangu wanaodai kwamba huwa nawapa wenzangu ushauri kana kwamba nyumbani kwangu hakuvuji.

Agosti 2025 mama mkwe wangu alikuja kututembelea hapa Kiseke akitokea Ukerewe. Wale mnaowajua akina mama wa visiwani hamhitaji kuambiwa kwamba hakuja mikono mitupu. Alishuka na kiroba cha machungwa, ndoo ya dagaa na unga wa muhogo wa kutosha mwezi mzima. Alikaa siku 3. Siku ya nne asubuhi tulimsindikiza bandarini kupanda meli ya Nansio, na pale kwenye foleni ya abiria nikaona nimwombe radhi.

"Mama, utanisamehe, kazi zilinibana."

Akanishika mkono, akatabasamu. "Hapana mwanangu, wala usijali. Nitakuja tena siku ukiimaliza hiyo kazi yako."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma mpaka tunafika nyumbani. Mume wangu alikuwa anaendesha gari na hakutamka neno tangu mjini mpaka Pasiansi. Binti yetu wa darasa la kwanza ndiye aliyevunja ukimya kutoka kiti cha nyuma: "Bibi aliniuliza mama anafanya nini usiku. Nikamwambia anafanya slaidi. Akaniuliza slaidi ni nini. Mimi sikujua."

Kwani nilikuwa nafanya nini?

Swali zuri. Nilikuwa naokoa maisha ya mtu? Nilikuwa naandika kitabu? Wala. Nilikuwa nabandika nembo.

Ngoja nikueleze. Gazeti la rangi kama hili haliishi kwa bei ya nakala peke yake, linaishi kwa matangazo. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi mhariri wako huyu, mwenye digrii yake ya mawasiliano, hukaa chini kuandaa mawasilisho ya PowerPoint kwa ajili ya wateja. Tuna hoteli, tuna benki, tuna ukumbi wa harusi, tuna duka la vitenge, na wengineo. Jumla wateja 14. Kila mmoja anapelekewa slaidi 22, na maneno ni karibu yale yale. Kinachobadilika ni jina la mteja, nembo yake, tarehe, mwezi wa toleo na rangi anayoipenda.

Kumi na nne mara ishirini na mbili ni slaidi 308. Na mimi nilikuwa nazipitia moja moja kwa mkono. Fungua, futa jina la zamani, andika jipya, bandika nembo, isogeze kidogo kulia, hapana imezidi, irudishe. Tuseme kila slaidi inakula dakika moja na nusu. Hapo unapata karibu masaa 8 kila mwezi. Kwa mwaka yanazidi masaa 90, yaani karibu siku 4 nzima, usiku na mchana, bila kulala.

Siku 4 kwa mwaka za kusogeza nembo. Mama wa watu alikaa siku 3.

Tena kuna jambo linalofanya hesabu hii iwe chungu zaidi. Kazi za mume wangu humpeleka Sengerema mara kwa mara. Miaka yote tulikuwa tunaishi kwa saa ya kivuko cha Kigongo na Busisi, na siku mbaya alikuwa anasubiri masaa 2 au zaidi ndipo avuke. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Daraja la John Pombe Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, na safari ile ya kusubiri ikawa ya dakika chache. Mwenzangu akaanza kufika nyumbani saa 12 jioni, kuna mwanga bado. Nchi nzima imejengewa daraja ili baba afike mapema, halafu akifika anamkuta mama ameinamia laptopu anasema, "Nisubiri kidogo tu, mume wangu."

Kidogo tu. Nadhani na wewe unalijua hilo neno.

Fundi aliyeniuliza swali moja

Wiki moja baada ya mama kuondoka, chaja ya laptopu yangu ikafa. Nikaipeleka kwa kijana mmoja fundi wa kompyuta mjini, maeneo ya Makoroboi. Akaniazima chaja yake nisubirie nayo, na mimi kwa uchu wangu nikafungua slaidi hapo hapo juu ya benchi nikaendelea. Kijana akawa ananitazama kwa jicho la pembeni. Mwisho akashindwa kuvumilia.

"Samahani dada. Hicho unachokifanya unakirudia mara ngapi?"

Nikamwambia. Akaweka bisibisi chini.

"Mara mia tatu? Kila mwezi? Kwa mkono?"

Msomaji wangu, niliona aibu kuliko siku niliyoanguka na viatu virefu kwenye harusi ya rafiki yangu. Kijana akavuta kiti, na kwa saa moja na nusu akanifundisha mambo mawili ambayo digrii yangu haikunifundisha.

Jambo la kwanza lilikuwa kwamba nusu ya mateso yangu hayakuhitaji ujanja wowote. PowerPoint ina slaidi mama, ile iliyoandikwa Slide Master ukifungua menyu ya View. Ukiweka nembo, rangi na aina ya herufi kwenye slaidi mama, slaidi zote zinazoitegemea hubadilika kwa pamoja. Yaani nembo niliyokuwa naibandika mara 22 kwa kila mteja ilitakiwa ibandikwe mara moja tu. Nilikaa kimya kama dakika moja hivi nikifikiria usiku wangu wote wa miaka yote ile.

Jambo la pili ndilo lenye jina zuri: makro.

Makro ni mnyama gani?

Makro ni orodha ya maagizo unayoiandikia programu mara moja, halafu yenyewe huyafuata kila ukiiamuru, bila kuchoka wala kununa. Ya kwangu ukiitafsiri kwa Kiswahili inasema hivi: Chukua slaidi ya kwanza. Angalia kila kisanduku kilichomo. Kama kina maandishi, tafuta jina la zamani, weka jipya. Ukimaliza nenda slaidi inayofuata. Zikiisha, hifadhi faili kwa jina la mteja. Basi. Hakuna uchawi.

Siku ile niliijaribu pale pale kwenye benchi. Slaidi 22 ziliisha kabla sijameza funda la chai. Nikadhani kompyuta imekwama. Kumbe imemaliza.

PowerPoint yenyewe si kitu cha jana. Ilitoka mwaka 1987 kwenye kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Forethought, kazi ya akina Robert Gaskins na Dennis Austin, na mwaka huo huo Microsoft wakainunua kampuni kwa dola milioni 14. Lugha ya kuandikia makro, inayoitwa VBA, iliingia kwenye toleo la PowerPoint 97. Zamani ilikuwa rahisi zaidi kwa sisi tusio mafundi, kwa sababu programu ilikuwa na kinasa: unabonyeza kurekodi, unafanya kazi yako mara moja, na makro inajiandika. Kinasa hicho kiliondolewa kwenye toleo la 2007. Word na Excel bado wanacho, lakini PowerPoint lazima uandike mwenyewe au uandikiwe.

Hata watani zetu wa programu huru hawana nafuu hapo. Wanaokumbuka mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitutolea Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Ilikuwa fahari kubwa. Ndugu yake wa leo, LibreOffice, ana kinasa cha makro kwa upande wa barua na majedwali, lakini upande wa mawasilisho hana.

Haya, na wewe ujaribu

Kama kazini kwako kuna slaidi za kila wiki, ripoti ya kila mwezi au vyeti vya semina vya watu 60, fuata hatua hizi kwenye kompyuta ya Windows. Kwenye simu usihangaike, makro hizi hazitembei huko.

Kwanza, tengeneza nakala ya faili lako. Usiguse lile halisi. Hii si ya hiari.

Pili, maliza yote yanayowezekana kwa slaidi mama. Ukikuta kazi imeisha hapo, funga laptopu ukale na mwenzio.

Tatu, kama bado kuna kujirudia, bonyeza Alt na F11 kwa pamoja. Litafunguka dirisha la kuandikia. Nenda Insert, chagua Module, bandika makro yako humo, kisha bonyeza F5 iende.

Nne, ukihifadhi faili chagua aina ya pptm. Ukihifadhi kama pptx ya kawaida makro yako inatupwa, na kesho utaanza upya huku unalia.

Tano, makro ya kawaida huruka maandishi yaliyo ndani ya majedwali na yale ya vitu vilivyofungwa pamoja kama kundi, kwa sababu hayo yanataka maagizo yake yenyewe. Kwa hiyo pitisha macho kabla hujatuma.

"Sasa dada mhariri, mimi hiyo lugha ya VBA nitaitoa wapi?" Hata mimi sina. Siku hizi programu za akili mnemba kama ChatGPT zitakuandikia makro ukizieleza vizuri unachotaka. Lakini nasisitiza neno vizuri, na nitakwambia kwa nini.

Benki yenye vitanda

Mwezi wa pili wa makro yangu, nilishajiona profesa. Nilikuwa na wasilisho la hoteli, nalitaka liwe la benki. Nikaiambia makro: kila penye neno "hoteli" weka "benki". Ikatii. Nikapaka poda, nikaenda kwenye kikao.

Slaidi ya 9 ikatokea ukutani, na mimi nikiwa nimeupa mgongo ukuta ninaelezea kwa mbwembwe. Nikaona nyuso za wazee zinabadilika. Nikageuka. Maandishi makubwa yalisema: "Wasomaji wetu wanatafuta benki yenye vitanda safi na mandhari ya ziwa."

Meneja akanitazama juu ya miwani. "Dada, hivyo vitanda tuviweke upande wa mikopo au kule kwenye chumba cha fedha?"

Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka, maana ningefanya nini. Tangazo tulipata, Mungu ni mwema, lakini mpaka leo meneja yule akinipigia simu salamu yake ya kwanza ni kuuliza kama vitanda vimefika.

Funzo lake ni hili: mashine hufanya ulichokisema, haifanyi ulichokimaanisha. Siku hizi kwenye wasilisho langu la msingi siandiki jina la mteja wala aina ya biashara. Naandika alama isiyofanana na neno lolote, XXMTEJAXX, na makro inaitafuta hiyo tu. Na maneno ya vitanda nayaandika kwa mkono, kwa mwenye vitanda.

Onyo lingine kabla sijasonga mbele. Usifungue makro ya mtu usiyemjua. Machi 1999 kulikuwa na kirusi kilichoitwa Melissa, makro iliyojificha ndani ya waraka wa Word. Ukiufungua, inajituma yenyewe kwa watu 50 wa kwanza kwenye orodha yako ya barua pepe. Mwaka 2022 Microsoft wakaanza kuzizuia makro zinazotoka kwenye intaneti zisijiendeshe hovyo. Ukiona onyo hilo usilipuuze kama tunavyopuuza taa ya injini.

Na kuna ndugu yake Melissa aliyekuwa mbaya zaidi. Huyu hakuwa makro kamili, lakini ni wa ukoo ule ule wa maagizo yanayojiendesha. Mei 2000 watu dunia nzima walipata barua pepe yenye kichwa cha habari "ILOVEYOU", na ndani yake kiambatanisho kinachojiita barua ya mapenzi. Ilianzia Ufilipino. Mamilioni ya kompyuta yakaambukizwa, kwa sababu moja tu: nani ataacha kufungua barua inayosema nakupenda?

Barua ya mapenzi iliyotumwa na mashine. Nilipoisoma habari hiyo sikucheka, kwa sababu na mimi nilikuwa nimetuma ya kwangu.

Nilipoifanya ndoa iwe makro

Si unajua tena, mtu akionja utamu haachi. Baada ya slaidi kuniendea vizuri, nikaanza kutafuta kila kinachojirudia maishani mwangu nikipe mashine. Bili zikajilipia. Kalenda ikanikumbusha. Halafu nikagundua kwamba simu yangu inaweza kupangiwa ujumbe wa kutumwa baadaye. Nikakaa Jumapili jioni nikaandika jumbe 5 za Jumatatu hadi Ijumaa, saa 7 mchana kila siku. "Umekula mume wangu? Nakuwaza." Kesho yake, "Umekula laazizi? Usijichoshe." Na kuendelea hivyo.

Yaani matokeo yake! Mwenzangu akabadilika. Akawa anarudi na uso mkunjufu, siku nyingine na karanga kwenye karatasi. Alikuwa anawaonyesha wenzake simu: "Mnaona? Mke wangu na kazi zake zote, saa 7 haimpiti." Nilijua, maana mke wa rafiki yake aliniambia. Nilijisikia mjanja kwelikweli.

Kisha ikaja Jumatano moja mume wangu anaumwa malaria, na mimi nimeomba ruhusa kumuuguza. Mchana nikampikia uji, na samaki kidogo wa mchuzi, sato, nikamtolea miba mwenyewe. Tumekaa mezani, yeye kajifunika shuka, anajitahidi kula. Simu yake ikalia. Akaichukua, akasoma.

Akaiangalia simu. Akaangalia sahani. Akaniangalia mimi.

"Nimekula," akasema taratibu. "Na wewe?"

Sikuwa na pa kuweka macho. Akanawa mikono, akarudi kitandani. Jioni, homa imeshuka kidogo, akaniuliza kwa sauti ile ambayo mwanamke angemuuliza mume aliyefumaniwa: "Tangu lini?"

Nikamwambia, wiki ya sita.

"Kwa hiyo wiki 6 nimekuwa naijibu simu."

Wapenzi wasomaji, niliwahi kugombana na mume wangu kwa mambo mengi. Pesa, ndugu, kuchelewa kurudi. Hakuna ugomvi uliowahi kuniishia maneno kama huu ambao hata hakupaza sauti. Ujumbe ulikuwa wa kweli wakati naandika Jumapili. Kweli nilitaka kujua kama atakula. Lakini saa 7 ya Jumatano nilikuwa simwazi, nilikuwa nimemwekea makro. Yeye alikuwa anajibu kila siku, kwa kuandika, "Nimekula mama, ahsante," na mimi majibu yale nilikuwa siyasomi kwa wakati. Siku moja alikuwa ameandika, "Bado, leo kazi mbaya sana." Niliiona usiku. Sikumwuliza ilikuwaje.

Kipi cha kumpa mashine?

Nimelifikiria jambo hili miezi kadhaa, na leo ninalo jibu langu. Kabla hujaikabidhi mashine kazi yoyote inayojirudia, usijiulize tu kama inachosha. Jiulize kama ndani yake kuna mtu.

Nembo kwenye slaidi ya 17 haina mtu ndani yake. Hakuna anayekungoja upande wa pili. Ipe makro, tena leo. Lakini "umekula?" ina mtu. Kumsikiliza mtoto akisoma sentensi ile ile ya "Baba analima" mara ya ishirini, kuna mtu. Kumpigia mama simu Jumamosi na kusikia habari ile ile ya mguu, kuna mtu. Haya nayo yanajirudia, na yanachosha, na ukiyafupisha umemkata mtu.

Jambo la pili, muda uliookolewa usiuache uzurure. Hili wafanyakazi wenzangu mnalijua: ukionekana unamaliza mapema, unaongezewa. Mwenye gazeti alipoona slaidi zinatoka kwa siku moja akaniletea wateja wengine 6. Ningekubali wote, makro ingekuwa imenisaidia kufanya kazi zaidi kwa masaa yale yale, na Kiseke kusingebadilika kitu. Nilikubali watatu. Nilimweleza kwa heshima kwamba saa zile zilishapata mwenyewe.

Na kweli zilishapata, kwa sababu mimi na mwenzangu tulikaa tukakubaliana mapema, kwa kuandika kabisa kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni. Jumatatu hadi Alhamisi, saa 1 jioni laptopu inafungwa, ya kwangu na ya kwake. Mwisho wa mwezi nina usiku mmoja wa slaidi, si mitatu. Na ujumbe wa saa 7 mchana unaandikwa saa 7 mchana. Siku nikisahau, nimesahau. Siku hizi naupata usahaulifu wangu ukijibiwa na yeye: "Leo hujaniuliza. Nimekula. Wewe je?" Sijui kama unaelewa raha ya ujumbe huo.

Ushauri wangu kwa wewe unayeanza maisha na mwenzio, kila mmoja na laptopu yake mezani: msifichane kazi zenu za kuchosha. Mimi sikuwahi kumweleza mume wangu kwamba usiku ule nilikuwa nasogeza nembo, niliona aibu, nikaacha aamini ni mambo mazito ya uhariri. Ningemweleza, pengine yeye ndiye angeniuliza lile swali la fundi, mapema kabla mama hajapanda meli. Mwambie mwenzio unachokirudia. Mwulize anachokirudia. Mnaweza kukuta nusu ya uchovu wa nyumba yenu unatibika kwa Alt na F11.

Kuchambua dagaa

Desemba tulikwenda Ukerewe. Laptopu ilibaki Kiseke, na makro yake. Nilimkuta mama uani, kakaa kwenye kigoda na ungo mapajani, anachambua dagaa. Anatoa mchanga, anatoa vijiti, anasukuma wazima upande huu. Mmoja mmoja. Ndipo nikakumbuka kwamba ndivyo alivyokuwa amekaa jikoni kwangu mwezi Agosti, usiku zile tatu, na ungo mmoja wa pili ameuweka tupu kando yake. Nilikuwa nimepita pale mara kadhaa kuchukua chai. Nilidhani kauweka tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeimaliza ile kazi?"

"Nimeimaliza mama."

Akanisogezea ungo. "Haya, kaa."

Tulichambua mpaka jua likazama. Nilisikia jinsi alivyomzaa mume wangu, jinsi alivyotaka kumwita jina jingine, na jambo moja kuhusu baba mkwe ambalo siwezi kuliandika hapa. Kazi yenyewe mashine ingeimaliza kwa dakika 2.

Nakutakia mwezi mwema, wewe na wako. Kama na wewe una kazi inayojirudia inayokula jioni zenu, niandikie, tutaijadili hapa hapa. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.